Heri ya Noeli wapendwa, na tujifunze kupokea tu

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu! Najua simu zenu leo zimejaa salamu za kufowadiwa, hii nimeikalia mwenyewe nikaiandika, naomba mnivumilie kidogo.

Majilio yote haya nimekuwa kwenye sala ya kimya, ile ya taamuli, dakika 20 mbele ya tabernakulo, pale inapokaa Ekaristi kanisani, bila kitabu bila rozari mkononi, kukaa tu na Bwana. Na siku za mwanzo nilikuwa natoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia, maana mawazo yakitoroka nayakimbiza, nikisinzia najilaumu, halafu njiani nahesabu, leo nimesali vizuri, leo nimeharibu. Yaani sala niliigeuza mtihani na Mungu nikamfanya msahihishaji.

Kilichonisaidia ni Noeli ya 1886, kule Lisieux, Ufaransa. Binti wa miaka 13 karudi nyumbani kutoka Misa ya usiku, viatu vyake vimewekwa pale pa kuotea moto na zawadi ndani, desturi ya watoto wa kule. Akiwa anapanda ngazi anamsikia baba yake, mzee wa watu kachoka, anasema afadhali huu ni mwaka wa mwisho wa mambo haya ya viatu. Sasa huyu binti, tangu afiwe na mama akiwa na miaka 4, alikuwa mtu wa machozi, kitu kidogo analia, akishalia analia tena kwa sababu amelia, kajitahidi kuacha wapi. Dada yake akamwambia asishuke kwanza, ataumia akiviona viatu. Akayameza machozi, akashuka moyo unamdunda, akakaa mbele ya baba akatoa zawadi moja moja kwa furaha mpaka baba naye akacheka.

Baadaye alisema kazi iliyomshinda miaka 10, hiyo ya kuacha machozi, Yesu aliimaliza mara moja, akatosheka na nia yake njema. Ndo huyo Mt. Teresia wa Mtoto Yesu, aliyeingia utawani, kwa masista wa Karmeli, na miaka 15, akafariki 1897 na miaka 24 tu, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake ni hazina kwa Kanisa zima.

Mimi ile miaka 10 ndo inanigusa sana. Hakuna siku iliyopotea pale, kila alipotaka na kushindwa mkono wake wa kupokea ulikuwa unazidi kufunguka. Na msidhani neema ilimbeba kama mzigo, hapana, ilimkuta kwenye ngazi lakini kushuka alishuka mwenyewe. Hata utawani alikuwa anasinzia kwenye sala na hakuhangaika, akisema wazazi wanawapenda watoto wao wakiwa wamelala sawasawa na wakiwa macho. Hilo neno limenipumzisha jamani, siwezi kueleza.

Juzi nimesinzia tena. Nilipofumbua macho ile taa nyekundu ya tabernakulo ilikuwa inawaka vilevile, nikasema asante Bwana, nikaendelea kukaa, na kwa mara ya kwanza nimetoka bila kuhesabu.

Basi Misa ikiisha leo, kabla ya picha na kelele, sogeeni kwenye pango la Noeli dakika tano, msiombe kitu, mtazameni tu Mtoto naye awatazame. Hasa wewe uliyechoka kujirekebisha, na wewe ambaye mwaka huu umezika mtu, nawabeba wote kwenye kimya changu cha jioni. Nanyi mnikumbuke.

Heri ya Noeli, Emanueli awe nanyi!