Iddi Mubarak kutoka Malaba

Iddi Mubarak, ndugu zangu wa Malaba, Busia, Tororo, Mbale, Jinja, Kampala, Bombo na Arua, na nyote mnaosoma salamu hizi nguo zikiwa bado zinanukia udi. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu, na wale tuliofuturu nao mwaka jana ambao leo wametangulia mbele ya haki, awarehemu.

Walioko kazini leo nawasalimu kwanza. Mpaka wetu huu wa Kenya na Uganda haulali. Malori yametoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, na mzigo haujui kama mwezi umeandama. Tulipokuwa tunatoka kuswali, kuna mtu alikuwa dirishani anapokea makaratasi, na mwingine amesimama barabarani anapanga foleni. Wengi wao ni wenzetu Wakristo, waliotuambia jana usiku, "Nendeni mkaswali, zamu tunashika sisi." Krismasi tuliwashikia sisi. Asanteni sana, na Mungu awalipe.

Mwaka huu nina neno kuhusu kazi, na linaanza na kosa langu.

Mimi ni wakala wa forodha. Mkate wangu uko kwenye karatasi na kompyuta. Wiki moja kabla ya Ramadhani nilijaza namba ya kontena vibaya: palipokuwa na 47 niliandika 74. Simu ilikuwa inaita, mteja mwingine ananitumia ujumbe juu ya ujumbe, nami nikabonyeza kutuma. Dereva wa mzigo ule, mzee wa Mombasa, alikaa Malaba siku mbili akingoja marekebisho. Siku ya pili alikuja ofisini, akaketi kwenye benchi, kofia mkononi. Akasema, "Mwanangu, nimepata mjukuu juzi. Niliwaahidi nitashusha mzigo haraka nirudi kumwona." Basi. Hakuongeza neno. Afadhali angenitukana.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya saba si ya kuhesabia makontena. Inapatikana kwa kukokotoa herufi na tarakimu zote zilizoitangulia, ili mtu akipindua mbili hesabu ikatae. Tazameni kontena lolote likipita: tarakimu ya mwisho mara nyingi imechorwa ndani ya kisanduku chake, peke yake. Watu walikaa wakafikiria kosa langu kabla sijalifanya, wakaniwekea kinga. Kuihakiki ni dakika moja. Dakika hiyo nilikuwa nayo, nikaipa simu.

Ndipo Ramadhani ikaingia.

Sisi wa Uganda tumejaliwa jambo ambalo hatulitaji sana. Ikweta inapita kwetu. Mwenzetu wa London mfungo ukimwangukia Juni hufunga zaidi ya saa 16, ukimwangukia Desemba ni mfupi kuliko wetu. Kwetu, tangu Alfajiri mpaka Magharibi, ni saa 13 na kidogo, mwaka nenda mwaka rudi. Jua letu halina kigeugeu, ndiyo maana saa zetu, za Kiswahili na za Kiluganda sawasawa, tunazihesabu kutoka asubuhi: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na mchana una saa 12. Mtu aliyepewa siku iliyonyooka namna hii hana haja ya kuivurugavuruga.

Nilijipanga hivi. Baada ya daku na swala ya Alfajiri sikurudi kitandani, wala sikushika simu. Niliiacha inachaji chumba cha pili. Nikaketi na kaunta buku na kalamu ya risasi. Nikaandika kazi tatu za siku hiyo, tatu tu, halafu nikaanza na ile inayotaka utulivu, yaani kuhakiki namba. Kidole juu ya kila tarakimu, nasoma kwa sauti kutoka kwenye hati, kisha nasoma tena kutoka nyuma kuja mbele, maana jicho likizoea huona linachotarajia. Saa mbili ofisi ikifunguliwa, kazi ngumu imeshaisha na kelele ndiyo zinaanza.

Adhuhuri nayo ilinisimamisha. Zamani nilikuwa nakaa kwenye kiti mpaka alasiri, kichwa kinazunguka, najiita mchapakazi. Robo saa ya udhu na swala ilinirudisha mezani nikiwa mtu mwingine. Na ulimi! Tulipoacha kusengenyana pale ofisini kwa ajili ya saumu, mchana ulirefuka. Sikujua tulikuwa tunakula muda kiasi kile.

Nina ugomvi na wanaohubiri kwamba mafanikio ni kunyima mwili usingizi. Niliamka mapema, ndiyo, lakini baada ya Tarawehe nililala, na siku za mapumziko nilipata kailula, ule usingizi mfupi wa mchana. Wakala asiyelala ndiye anayeandika 74.

Sasa mwezi umeandama, na ninaogopa. Kila mwaka tunatoka msikitini tukiwa na nia kumi, mwezi huu wa Shawwali ukifika katikati hatuna hata moja. Naona tunakosea kwa kutaka kuuhamisha mwezi mzima uende nasi. Bibi Aisha amepokea kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Na angalieni tulichopewa baada ya Iddi: Sita za Shawwali. Siku sita za kufunga kwa hiari, hatukuambiwa mwezi mwingine, na kwa kauli ya wanazuoni wengi si lazima hata zifuatane.

Mimi nimechagua moja: ile saa ya baada ya Alfajiri, bila simu. Kaunta buku imebaki kurasa nyingi. Jirani yangu ni kijana wa bodaboda, kazi ambayo hata jina lake lilizaliwa kwenye mipaka yetu hii, watu wakivushwa kwa baiskeli "boda kwa boda". Yeye amechagua kuweka shilingi 2,000 kwenye kibubu kila siku kabla ya kununua petroli, maana akishanunua petroli pesa inajua njia yake. Dada anayetuuzia mandazi ameanza kuandika madeni usiku uleule, hangoji kesho akumbuke. Wewe unajua lako.

Na ninyi mabosi na masupavaiza, nawaomba kwa heshima: kijana akikuomba asipigiwe simu kwa saa moja amalize hesabu, mpeni hiyo saa. Si kiburi.

Yule mzee wa Mombasa alipita tena kwenye kumi la mwisho la Ramadhani. Tulisoma namba ya kontena lake pamoja, yeye akitazama mlango wa lori, mimi nikitazama karatasi, tarakimu moja moja mpaka ile ya kisanduku. Alivuka siku ileile. Leo asubuhi amenitumia picha: mjukuu kavikwa kofia ya Iddi, imemfunika mpaka machoni.

Walio karibu, pilau ipo mpaka Magharibi, na watoto waje wachukue mkono wao wa Iddi. Mlioko zamu msihangaike kutoka. Nawaletea hapohapo dirishani, sasa hivi, ingali ya moto.