Barua ya malalamiko: vibanio vya buti vilivyofungwa vibaya kwenye skii zangu

Kwa Meneja wa Huduma,

KUH: KUFUNGWA VIBAYA KWA VIBANIO VYA BUTI NA DAI LA KUBADILISHIWA SKII

Ndugu Meneja,

Ninadai skii mpya za kutelezea kwenye theluji. Sidai marekebisho mengine, kwa sababu karakana yenu imekwisha kuzitoboa skii zangu mara mbili na kuziharibu mara zote mbili.

Niliwaletea skii mpya, vibanio vinavyoshika buti kwenye skii na kuiachia mtu anapoanguka vikiwa bado kwenye boksi, pamoja na buti zangu. Urefu wa soli umechapishwa kwenye buti yenyewe, karibu na kisigino: milimita 305. Skii ya kulia ilipimwa kwa urefu huo, na alama ya katikati ya soli inakutana na mstari uliochorwa juu ya skii kama inavyotakiwa. Ya kushoto ni habari nyingine. Kibanio cha mbele kilifungwa milimita 11 mbele ya mahali pake, na reli ya kibanio cha nyuma milimita 11 nyuma ya mahali pake. Jumla ni 22, yaani kiolezo cha kutobolea kilikuwa kimewekwa kwa soli ya milimita 327. Sina maelezo mengine isipokuwa kwamba mtu alikitumia kiolezo kwa buti ya mteja mwingine, kisha akarudi kwenye kazi yangu bila kutazama kipimo. Laiti angeiweka buti yangu juu ya skii kabla ya kushika drili, kosa angeliona kwa macho matupu.

Kilichofuata ndicho kinachoniudhi zaidi, kwa sababu hapo fundi alikwisha kuliona tatizo. Alisukuma kibanio cha nyuma mpaka mwisho wa reli, na bado hakikuifikia buti sawasawa. Alama inayoonyesha mkazo wa kibanio dhidi ya buti ilikuwa nje ya eneo lake. Kila fundi wa kazi hii anajua maana yake: buti haijashikwa vya kutosha na inaweza kuchomoka wakati wowote. Mlinikabidhi skii hiyo hivyo hivyo, mkaniambia iko tayari. Nikiwa katikati ya kona, kwa mwendo wa kawaida, kisigino cha kushoto kilichomoka bila kugongwa na kitu. Nilianguka vibaya na goti likavimba. Nyuma yangu kulikuwa na watoto wanaojifunza. Nashukuru kwamba skii iliyochomoka haikumfikia yeyote.

Nilipoirudisha, niliambiwa ni kazi ndogo. Mlikirudisha nyuma kibanio cha mbele kwa milimita 5 tu, huku kosa likiwa 11, kwa hiyo hadi leo buti ya kushoto inakaa milimita 6 mbele ya ile ya kulia. Matundu mapya yako milimita 5 kutoka ya zamani, yakipimwa katikati hadi katikati. Tundu lenyewe lina upana wa milimita 4.1, hivyo kilichobaki kati ya tundu na tundu hakifiki hata milimita moja. Mafundi makini huacha karibu sentimita nzima. Matundu ya zamani hayakuzibwa kwa vizibo wala gundi, na hayo mapya hayakutiwa gundi pia. Gundi ile huzuia maji kuingia kwenye kiini cha mbao, na mbao ikishalowa huoza taratibu na skrubu hupoteza mshiko. Tayari skrubu mbili za mbele zinazunguka tu bila kukaza, na tabaka la juu la skii limevimba kuzizunguka.

Halafu, baada ya kukisogeza kibanio cha mbele, hakuna aliyekigusa cha nyuma. Mkazo uliokuwa mdogo mno sasa umezidi. Kibanio kilichokuwa kikiachia ovyo sasa hakiachii inavyopaswa, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu mguu usipoachiwa wakati wa kuanguka, kinachosalimu amri ni goti au mfupa wa mguu. Fundi huru niliyempelekea alikipima kwa mashine ya kupimia nguvu ya kuachia, akakuta kisigino cha kushoto kiko nje ya kiwango kinachokubaliwa na ISO 11088, kanuni ya kimataifa ya kufunga na kukagua vibanio vya skii. Amenikataza kukitumia, nami nimetii.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu matundu. Hakuna aliyeniuliza uzito wangu, urefu wangu, umri wangu wala kiwango changu cha kuteleza. Bila hayo, pamoja na urefu wa soli, kipimo cha DIN, yaani namba inayowekwa kwenye kibanio kuamua kiachie buti kwa nguvu kiasi gani, hakiwezi kupatikana. Hata watu wawili wenye uzito sawa hutofautiana iwapo buti ya mmoja ni ndefu zaidi. Vibanio vyangu vya mbele vilisomeka 6 kulia na 8 kushoto. Namba hizo zilitoka wapi? Sikupewa karatasi yoyote ya vipimo, na naamini haikuandikwa.

Kwa hiyo ninaomba mambo haya. Mnibadilishie skii zote mbili, maana huuzwa kwa jozi na mtengenezaji hawajibiki kwa matundu yaliyotobolewa vibaya na duka. Mnibadilishie vibanio vya kushoto. Mlipe gharama za fundi huru, za ukaguzi alioufanya na za kufunga vibanio kwenye skii mpya, kwani kwenu sitazileta tena. Mnirudishie pia malipo ya kazi mliyoifanya. Pendekezo la kuziba matundu na kutoboa tena sitalipokea.

Naomba pia mzikague skii nyingine zilizofungwa siku hiyo. Kama kiolezo kilibaki kwenye kipimo kisicho chake, huenda kuna mtu mwingine anateremka mlima sasa hivi akiwa na kibanio kama changu, wala hajui.

Nimeambatanisha picha za matundu, ripoti ya fundi na nakala ya risiti. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitalipeleka suala hili kwa mamlaka ya kulinda watumiaji.

Wenu,
Mteja mwenye skii