Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu wa kujuana pale Mlimani

Ndugu wanachama, kaka na dada zangu wa masta na PhD ya historia hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, habari za siku. Katiba inataka mwenyekiti atoe taarifa kila mwisho wa mwaka wa masomo na najua wengi mtaisomea kwenye daladala, kwa hiyo mambo ya hesabu namwachia mweka hazina, mimi niongelee lile lililotusumbua zaidi: tunasoma idara moja lakini hatujuani.

Sababu mnaijua. Mwaka wa kwanza kuna kozi, mnaonana darasani, propozo, yaani mpango wa utafiti, ikishapita kila mtu anapotea, huyu yuko Songea anahoji wazee, yule yuko Upanga Nyaraka za Taifa anapekua mafaili tangu asubuhi, mwingine karudi kufundisha sekondari maana ada hailipwi kwa kupenda kusoma, mnakuja kuonana tena siku ya difensi, ya kutetea tasnifu, na hapo mtu kavaa suti hata salamu haimwingii.

Semina ya kila mwezi, ile ya bango na meza kuu, haikushika. Waliokuja walikaa nyuma wakachomoka kabla ya maswali. Siwalaumu, mtu aliyekwama sura ya pili ya tasnifu hatafuti jukwaa jingine la kuulizwa utafiti wake una jipya lipi.

Kilichoshika ni chai ya Alhamisi. Hakuna ajenda, kuna sharti moja tu, uje na faili, yaani utuambie wiki hii umefungua faili gani akaivu, kule kwenye nyaraka za zamani, namba yake ngapi na ndani umekuta nini hata kama hakikuhusu. Ndo hivyo mwenzetu anayeandika historia ya afya alivyopata barua za malale ndani ya faili la kilimo cha pamba ambalo mwenzake alishalifunga akaliona halina kitu! Kwa jina la faili asingeliomba kamwe. Halafu kuna yale mafaili ya enzi ya Mjerumani, yenye G mbele ya namba, hata uwe na cheti cha Kijerumani ule mwandiko wa zamani utakutoa jasho, sasa wanakaa wawili watatu wanausoma pamoja neno kwa neno. Na ndugu yetu wa Unguja anayesoma Kiswahili cha hati za Kiarabu kawa lulu, mpaka wa PhD wanampigia foleni (jamani mnunulieni basi hata andazi).

Kuna walioniuliza pembeni, huku kugawana mafaili si tutaibiana mada? Mimi nasema tuangalie idara hii ilikotoka. Ilianza 1964 chini ya Terence Ranger, na 1968 mradi wa utafiti wa Maji Maji ukawapeleka wanafunzi vijijini kuuliza wazee habari za vita ya 1905 hadi 1907, kila mmoja na eneo lake. Aliyetoka Ungoni peke yake asingeweza kueleza Umatumbi, habari za wote zikiwekwa pamoja ndo picha inatokea. Gilbert Gwassa wakati ule alikuwa mwanafunzi kama sisi, tasnifu yake ya PhD kuhusu vita hiyohiyo ni ya 1973. Mada ni ile ile na watu hawakuibiana, maana swali la kila mtu ni lake. Mi naona anayeficha namba ya faili anajichelewesha mwenyewe.

Ambalo halijakaa sawa ni saa. Kina mama wenye watoto wadogo wamesema wazi jioni ile wako jikoni, na walioajiriwa Dodoma na Mwanza wanabaki kutazama picha za chai kwenye grupu. Tulijaribu kupiga simu ya video, bando likaisha katikati ya hadithi. Napendekeza Jumamosi moja kila mwezi iwe asubuhi na watoto waje, kamati mpya ikikataa ije na lake.

Orodha ya mafaili iko kwa katibu, inaongezwa kila wiki, ila ukiandika namba andika na jina la faili, msituachie tarakimu tupu. Uchaguzi ni kwenye mkutano mkuu, mimi sigombei tena, nina sura mbili zinanidai. Nafasi ya katibu mpaka leo haina aliyechukua fomu.