Shoga, mwambie shemeji asubiri kwanza

Kunduchi Mtongani,
Dar es Salaam

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Sisi wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Februari hii hata feni inapuliza moto. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na wewe umekaa kimya, basi tusidaiane. Leo nakuandikia mbiombio kwa sababu Mama Nasra kaniambia shemeji anataka kuifungia ile Hilux yenu kidude cha kuwasha gari kwa rimoti akiwa ndani ya nyumba. Shoga, kama hajatoa hela, mzuie. Kama ameshatoa, soma hivyo hivyo, halafu fundi akija mwambie mmesafiri.

Si unakumbuka Noah yetu ilikuja nacho kutoka Japani? Tuliambiwa vidude hivi vinapendwa sana kule kwenye theluji, Hokkaido na sehemu kama hizo. Mtu anaungurumisha gari huku anakunywa chai, akitoka anakuta barafu ya kwenye kioo imeyeyuka. Sisi shida yetu ilikuwa kinyume: gari lililoiva juani tulikute limeshapoa kwa AC. Mama mkwe na presha yake, watoto, vile viti vinavyobabua mapaja. Baba Abuu alifurahi, alibonyeza hata siku hatuna safari.

Mwanzo kilitii. Halafu kikaanza madeko. Leo linawaka, kesho unabonyeza linakujibu pii pii pii, basi. Na halikwambii kwa nini, hapo ndipo ninapochoka mimi. Kile kiboksi chake cha ndani ya gari kina masharti: gia iwe kwenye P, milango ifungwe, boneti ifungwe, betri isiwe dhaifu. Likikosekana moja hakiwashi. Sawa, ni usalama, sibishi. Lakini ni sharti gani? Rimoti ina kioo kidogo cha maandishi, yote Kijapani, na mimi na Kijapani wapi na wapi.

Fundi wa kwanza akasema betri, tukanunua betri. Wa pili akasema kuta zinazuia mawimbi, tubonyezee nje. Basi ukimwona Baba Abuu kasimama barazani na kikoi, mkono juu, utadhani anawanga. Wa tatu, kijana mmoja mpole wa Tegeta, ndiye angalau alifungua boneti akatazama. Karibu na kufuli la boneti kuna kiswichi chenye kidole cha plastiki. Boneti ikishuka kidole kinabonyea, na kiboksi kinajua imefungwa. Cha kwetu kidole kilikuwa kimenasa, na nyaya zimeota ukijani. Huu upepo wa bahari wa Kunduchi haubakizi kitu, hadi bawaba za madirisha umezila. Kumbe gari muda wote linaamini boneti iko wazi! Kijana akasugua kwa msasa, akapulizia dawa yake, likawaka papo hapo. Nikampa na soda. Wiki iliyofuata: pii pii pii.

Aibu tuliipata kwenye shughuli ya Bi Mwanahawa kule Msasani. Tunatoka, jua la saa nane, wakwe wamejipanga na vitenge vyao, Baba Abuu akachomoa rimoti mbele ya kaka zake: "Subirini, nalipoza kwanza." Pii pii pii. Yule shemeji yangu mkubwa, unaujua mdomo wake, akasema, "Liacheni, liko kwenye swala, litoe salamu kwanza." Wakacheka mpaka getini. Tena hata likikubali kuwaka, baada ya dakika kama kumi linajizima. Dakika kumi, kwa sisi watu wa Pwani? Hapo bado tunaagana sebuleni.

Hayo ningeyavumilia. Ninachokiogopa ni usiku ule. Saa saba usiku nasikia injini inanguruma bandani, nikajua tumeibiwa. Baba Abuu katoka na panga, mimi nyuma na tochi ya simu. Hakuna mtu. Gari limejiwasha, rimoti iko juu ya friji, watoto wote wamelala. Jirani asubuhi akanitajia shehe wa kuja kulisomea. Nilicheka, lakini moyoni sikucheka, maana banda letu limegusana na dirisha la chumba cha watoto, na ule moshi una kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Aliyelala anaweza asiamke. Marekani kuna watu wamekufa hivyo, gari la kuwasha kwa kitufe limesahauliwa linaunguruma kwenye gereji iliyoshikana na nyumba. Tangu siku hiyo Noah inalala nje, karibu na geti, mvua inyeshe isinyeshe.

Baba Abuu ana nadharia yake. Baadhi ya vidude hivi vina taima. Anasema Mjapani aliyekuwa na gari alitegesha liwake saa moja asubuhi kabla hajaenda kazini. Japani wako mbele yetu kwa saa 6, kwa hiyo saa moja yao ya asubuhi ndiyo saa saba yetu ya usiku. Hesabu inakubali! Ila yule kijana wa Tegeta anasema haiwezekani, tulipobadilisha betri kila kitu kilifutika. Basi nani kaliwasha? Pembeni mwa kile kioo kuna kialama cha saa, na mimi nakitilia shaka hicho.

Ndiyo nina shida na wewe. Nitakutumia WhatsApp picha za kioo na za kijitabu, mpe mdogo wako Idrisa wa huko Japani anisomee. Ukurasa wa taima tu unanitosha.

Turudi kwa shemeji. Noah ni otomatiki, ikigoma inagoma ilipo. Hilux yenu ni manyuo, na pale Gangilonga kwenye mteremko najua analiegesha na gia ya kwanza. Akilisahau hivyo, akabonyeza akiwa kitandani, stata inalisukuma gari na hakuna mtu kwenye usukani. Mbele yake ni banda lako la kuku. Pia kama ufunguo una chipu, fundi anaweza kumwomba ule wa akiba aufiche nyuma ya dashibodi ili gari lidhani mwenyewe yupo. Sasa hapo si mnamwekea mwizi ufunguo ndani? Atasema Iringa asubuhi kuna baridi. Avae koti.

Haya niambie: hela ameshatoa? Fundi mwenyewe ni nani, yule aliyewaharibia king'ora? Idrisa bado yuko Nagoya au alishahamia Osaka? Mama mguu unaendeleaje? Na lile la Zuhura limeishia wapi, mbona kila mtu ananipa robo robo? Nijibu kabla ya Ijumaa, maana kijana wa Tegeta anakuja kuking'oa kidude chetu na Baba Abuu bado anakipigania.

Wako,
Mama Abuu