Banda la mashua la Greenway lisipitwe tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Sisi Waswahili tulioko huku Uingereza, ndugu zetu wakija tunawapeleka London, wanapiga picha darajani basi safari imeisha. Mi naomba mwenye nafasi asogee hadi Devon, kusini magharibi, akaone shamba la Greenway ukingoni mwa mto Dart, na akifika asiishie nyumba kubwa.

Hii ndo nyumba aliyoinunua Agatha Christie, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi, mwaka 1938 kwa pauni 6,000, yeye na mumewe Max Mallowan yule mwanaakiolojia, wakawa wanakuja kupumzika. Mwaka 2000 familia ikaikabidhi National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba na maeneo ya kale huku, nyumba ikafunguliwa kwa watu 2009. Wageni wanajazana humo ndani kuangalia vitabu na vyombo, sawa, lakini uhondo wenyewe uko chini kabisa. Bustani yake sio ya maua yaliyopangwa mistari, ni kama msitu umeachwa uteremke mlima hadi majini, kamelia na magnolia zimechanganyika na miti mikubwa, unashuka weee mpaka unakutana na banda la mashua.

Ni la mawe, halina makuu. Juu kuna chumba cha kukaa chenye meko ya kuotea moto na roshani inayotazama mto. Chini ndo pameniteka mimi, kuna birika la kuogea limejengwa humo humo ndani na maji yake ni ya mto wenyewe, bahari ikijaa yanaingia, ikipwa yanatoka. Karne ya 18 madaktari wa huku walikuwa wanawaambia watu maji baridi ya bahari ni tiba, ndo maana wenye mali wakajijengea sehemu kama hizi. Fundi alilazimika kujua bamvua, yale maji makubwa ya bahari, inapanda hadi wapi na maji mafu, yale madogo, yanakomea wapi, na mtu wa pwani akisimama pale anaielewa hiyo kazi bila kuelezwa na yeyote.

Kinachoniuma ni kwamba watu wanalijua banda hili kwa sababu moja tu, kwamba mwenye nyumba aliliweka kwenye riwaya yake kama mahali pa mauaji, wanapiga picha ya mlango wanageuza. Jamani hata asingeandika neno lingestahili kutunzwa! Na nyie wahariri kurasa zenu za utalii ni ngome na majumba ya wafalme kila siku, tuandikieni na mabanda, magati na visima, humo ndo unaona watu waliishi vipi na maji.

Anayetaka kwenda apande boti kutoka Dartmouth au Dittisham, akija na gari aweke nafasi ya maegesho mapema. Aangalie saa za maji kujaa, afike wakati huo. Wazee wapewe muda maana mteremko ni mkali na kurudi ni kupanda.

Msomaji wenu,
Plymouth, Uingereza