Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Vikao vinne vya kikatiba vilifanyika, mihtasari yake mnayo, na hesabu zimekaguliwa. Sina la kuongeza hapo.

Naomba nieleze uamuzi wangu wa kuielekeza mijadala yote ya mwaka kwenye mgogoro wa Kupro, kisiwa cha Mediterania kilichogawanyika kati ya wakazi wake Wagiriki na Waturuki, uamuzi ambao baadhi yenu mliuita, tena nisipokuwepo, ukaidi wa mtu mmoja. Mlitaka Kongo. Lakini Kongo risasi bado zinalia, ilhali tulikubaliana kuchunguza migogoro ya kikabila iliyoganda, yaani ile ambayo bunduki zimenyamaza na amani haijaja. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa wako Kupro tangu 1964, na baada ya uvamizi wa Uturuki wa 1974 wamekuwa wakilinda ukanda wa kilomita 180 unaoupasua hata mji mkuu, Nicosia. Ulinzi huo umeokoa maisha, ila kwa maoni yangu umewaondolea viongozi wa pande zote mbili haraka ya kuafikiana.

Katika kura ya maoni ya Aprili 24, 2004, asilimia 65 ya Waturuki wa Kupro waliukubali mpango wa kukiunganisha tena kisiwa uliotolewa na Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, na asilimia 76 ya Wagiriki wa kisiwa hicho wakaukataa. Wiki moja baadaye Kupro iliingia Umoja wa Ulaya, kwa sababu uanachama haukufungamanishwa na matokeo ya kura, na hivyo aliyekataa hakupoteza kitu. Hoja hiyo niliitoa mimi, na mihtasari inashuhudia. Nikailinganisha na Burundi, ambako kukataa kuliumiza, kwa kuwa majirani waliiwekea vikwazo 1996, kabla ya Mwalimu Nyerere, na baada yake Mzee Mandela, kusimamia mazungumzo yaliyozaa mkataba wa Agosti 28, 2000, uliotiwa saini hapa hapa Arusha. Wanaodai nimeisahau Afrika hawakuhudhuria siku hiyo.

Na mahudhurio yenyewe yanasikitisha: wanachama ni 58, waliolipa ada 21, na kikao kuhusu kuvunjika kwa mazungumzo ya Kupro ya 2017 huko Crans-Montana, Uswisi, kilikuwa na watu tisa, nikimhesabu na mlinzi wa ukumbi.

Mwakani, Mungu akipenda na kwa kadiri ada zitakavyoruhusu, tunatarajia kuitazama Nagorno-Karabakh, eneo lililogombaniwa na Armenia na Azabajani, ambako wasuluhishi walikaa miaka mingi na mwaka 2023 Waarmenia zaidi ya 100,000 wakahama ndani ya siku chache.