Barua kwa Mama Shiku kuhusu jerikeni la mafuta

Kisumu,
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Shiku,

Hamjambo huko Langa Langa, Nakuru? Sisi huku hatujambo. Baba Otis anakusalimu sana, na watoto wanauliza utakuja lini na vile viazi vyako vya Molo.

Ujumbe wako niliupata Alhamisi, nikausoma mara mbili. Uliposema umepimwa ukapatikana na kilo 94 na presha imepanda, sikushangaa, maana hata mimi mwaka jana nilisimama kwenye mizani nikaambiwa 91. Kilichoniuma ni pale uliposema umeacha ugali, umeacha chapati, unashinda na maji ya limau, na umetoa pesa nyingi kununua majani ya kukondesha. Dada yangu, hayo majani yaache leo. Nami niliuziwa kama hayo, nikayanywa wiki 3. Kazi yake ilikuwa kunipeleka chooni usiku kucha, na kilo zilizotoka zilikuwa maji tu, zikarudi zote nilipoacha. Hata kulala njaa nilijaribu, mpaka siku moja macho yakaingia giza katikati ya soko la Kibuye. Mama mmoja muuza nyanya alinikalisha juu ya kreti yake, akanipepea na leso. Sitaki ufike hapo.

Mimi nilikuwa naamini ugali ndio unaoninenepesha. Mafuta sikuwahi hata kuyafikiria. Siku moja nikaona jerikeni la lita 3 limeisha, nikajaribu kukumbuka nililinunua lini. Lilikuwa na wiki 2 tu. Nikachukua kalamu. Kijiko kikubwa ni mililita 15, kwa hivyo lita 3 ni vijiko 200. Sisi ni watu watano. Ukigawanya, kila mmoja wetu, hata yule mdogo, alikuwa anakula karibu vijiko 3 vya mafuta kwa siku, na hapo sijahesabu chipsi na mandazi ya barabarani. Kijiko kimoja kina kalori kama 120. Vijiko 3 ni kalori 360, ambazo ni sawa na ugali wa gramu 100 za unga. Yaani kila siku nilikuwa nakula ugali wa pili ambao siuoni kwenye sahani wala haunishibishi.

Tangu siku hiyo, nikifungua jerikeni naliandika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Nililo nalo sasa limeingia wiki ya 5 na bado lina kitu.

Kinachobadilika ni mkono, Mama Shiku. Zamani nilikuwa namimina hadi sufuria ing'ae, na ukikumbuka tulivyokuwa tukipika pamoja ukija kwangu, ulikuwa unasifu mchuzi wangu kwa jinsi mafuta yanavyoelea juu. Sasa kijiko nimekifunga kwa uzi kwenye shingo ya jerikeni. Sufuria ya mboga ya watu watano ni kijiko kimoja na nusu, basi. Utaniuliza kitunguu kitaivaje. Kinaiva, ila kinataka moto mdogo na mfuniko. Tia hicho kijiko, tia kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, geuza kipakae mafuta, halafu funika. Baada ya dakika 2 au 3 kitaanza kushika chini. Hapo usikimbilie mafuta. Nyunyiza maji, kama vijiko 2, ukwangue kwa mwiko ile rangi ya kahawia iliyoganda chini, maana ladha yote iko hapo. Rudia mara mbili hivi, kitunguu kitalainika na kuwa kitamu kama kimetiwa sukari. Kisha tia nyanya na chumvi kidogo, kwa sababu chumvi ndiyo inayotoa maji ya nyanya, funika tena, uache zipondeke zenyewe hadi ziwe rojo. Uzito wa mchuzi unatokana na nyanya zilizoiva vizuri. Mimi nilikuwa nazipa dakika 3, halafu nafunika uchachu kwa mafuta.

Samaki ndiye aliyenisumbua zaidi. Kwangu samaki alikuwa lazima aogelee kwenye karai kwanza, akauke kabisa, ndipo atiwe kwenye mchuzi. Aliyenifungua macho ni mama mkwe wangu alipokuja kutoka Seme mwezi wa Aprili. Nilikuwa nimetoka ufuoni Dunga na ngege wawili, yaani tilapia, wabichi, macho bado yanang'aa. Nikashika jerikeni. Akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, samaki mbichi namna hii unamkaangia nini? Wa kukaanga ni yule wa jana." Akaniondoa jikoni.

Alichanja ubavu wa kila samaki mara 3, akampaka chumvi na limau, akamwacha kidogo. Akachukua sufuria pana, akatandika chini nyanya na vitunguu vya kukata mviringo, akalaza samaki juu yake, akawafunika na nyanya nyingine. Akatia maji yaliyofika nusu ya samaki tu. Hakutia tone la mafuta. Mwiko hakuugusa kabisa. Kila baada ya muda alishika sufuria kwa kitambaa pande mbili akaitikisa polepole ili samaki asishike na asivunjike. Nilihesabu kama dakika 20. Alipofunua, macho ya samaki yalikuwa meupe kama shanga, nyama imeanza kuachana na uti wa mgongo, na juu ya supu vimeelea viduara vidogo vya dhahabu, mafuta ya samaki mwenyewe. Akarushia dania na pilipili moja nzima. Baba Otis alikunywa supu akaomba tena, na tangu siku hiyo karai yangu inatoka kabatini mara moja kwa mwezi.

Huko Nakuru samaki mbichi kama huyo si rahisi kumpata kila siku, najua. Basi tumia omena, wale dagaa wa ziwani. Watu wengi huwaharibu omena kwa kuwakaanga mpaka wanywe mafuta yote. Waoshe kwa maji ya moto mara 3 hadi mchanga uishe, wachuje wakauke, kisha uwaweke kwenye sufuria kavu juu ya moto wa wastani na uwe unawageuza bila kuwaacha. Mwanzoni wananyamaza. Baada ya dakika kadhaa utasikia wanachakarisha kama majani makavu, na harufu ya ziwa inageuka kuwa harufu ya kuchoma. Hapo wako tayari kwa kitunguu na nyanya. Uzuri wa omena ni kwamba analiwa mzima na mifupa yake, kwa hivyo unapata kalsiamu nyingi kwa bei ndogo.

Mboga za kienyeji nazo hazidai mafuta mengi. Osuga, ambayo nyinyi mnaiita managu, pamoja na saga, mimi huchemsha, namwaga maji ya kwanza kama ni chungu sana, kisha natia nusu kikombe cha maziwa na kuziacha zitokote taratibu. Kesho yake zikipashwa ni tamu zaidi. Mrenda hauhitaji mafuta hata kidogo, unateleza wenyewe, ila kwa kuwa una presha nakuomba uwe mwangalifu na magadi. Magadi yana sodiamu kama chumvi, kwa hivyo ukiyatia, chumvi uipunguze au uiache kabisa. Vile viungo vya unga vya paketi pia vimejaa chumvi. Kwa mtu mzima inashauriwa chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na paketi. Tangawizi, kitunguu saumu, limau na dania vitakusaidia usiikumbuke.

Ugali usiuache. Watoto wako watakula nini, na wewe utakaa ukiwatazama? Mimi bado nakula kila siku. Nilichobadilisha ni mpango wa sahani: mboga inachukua nusu nzima, samaki au maharagwe robo, ugali robo, kipande cha ukubwa wa ngumi yangu. Na napakua mboga kwanza, kwa sababu nikianza na ugali mkono hunizidi. Unga nasaga posho mill bila kukoboa, nachanganya na wimbi au mtama. Lakini mtu asikudanganye kwamba ugali wa wimbi haunenepeshi. Kalori ni karibu zile zile. Faida yake ni makapi, unakaa tumboni muda mrefu na saa 10 jioni hutafuti mandazi.

Kuhusu chai nitasema kwa ufupi kwa vile najua unavyoipenda. Nilikuwa naweka vijiko 3 vya sukari, vikombe 4 kwa siku. Hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari bila kula kitu chochote kitamu. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki 2, na sasa niko kwenye nusu kijiko. Ukikata ghafla utairudia. Asubuhi badala ya mkate na siagi nachemsha nduma au viazi vitamu.

Chapati ni Jumapili, na ni 1 kwa kila mtu. Nikikanda natia malenge yaliyochemshwa na kupondwa, unga unalainika bila kumiminiwa mafuta, kisha nachoma kavu pande zote na kupaka kidogo tu mwishoni kwa mgongo wa kijiko. Maharagwe yako loweka usiku. Nakuru iko juu kuliko Kisumu, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, ndiyo maana yanakuchelewesha hivyo. Chemsha mengi mara moja, ugawe kwenye vibakuli, la sivyo utarudi jioni umechoka na utanunua chipsi. Mukimo wenyewe upondee kwa maji ya githeri, hautahitaji mafuta.

Jambo moja nakusihi sana. Kama bado unameza zile dawa za sukari ulizoanzishwa, usipunguze chakula kabla ya kumwambia daktari wako. Dawa ile ile na chakula kidogo inaweza kuishusha sukari hadi uanguke, na wewe hukaa peke yako mchana. Nenda wiki hii, Mama Shiku. Nakuomba.

Na jiandae kwa maneno ya watu. Nilipofika kilo 85 majirani walianza kuniuliza kwa sauti ya chini kama niko salama, shemeji mmoja akampigia Baba Otis simu kuuliza kama nimeugua na tunaficha. Iliniumiza kuliko njaa. Nilimwambia mama mkwe, naye ndiye aliyekuwa akijibu kila anayekuja, "Ameacha kukaanga, kaeni mle mwone." Tafuta mtu mmoja wa kukujibia hivyo, hata kama ni Shiku.

Leo nina kilo 83. Imenichukua miezi 9, na miwili kati ya hiyo mizani haikusogea hata kidogo, nikalia, nikaendelea tu na kijiko changu. Presha ilipopimwa mwezi jana ilikuwa imeshuka, na ngazi za kanisani napanda bila kusimama katikati.

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti nitapanda matatu nije kwako siku 4. Nitakuletea kilo 2 za omena na fungu la saga, wewe niandalie sufuria pana yenye mfuniko unaobana. Kabla sijaja, fanya hili moja: leo usiku andika tarehe kwenye jerikeni lako, funga kijiko shingoni, na litakapoisha unipigie uniambie limekaa siku ngapi.

Wasalimie Shiku na Baba Shiku.

Wako akupendaye,
Mama Otis